Baba anataka kuuza kihamba nikasome historia ya sanaa

KIBARAZANI KWA MAMA NEEMA
Barua tatu safari hii. Ya kwanza imekula nafasi kubwa, wengine mnivumilie.

*Shikamoo Mama Neema. Mimi ni binti wa miaka ishirini, kwetu ni Kibosho lakini tunaishi Soweto, Moshi. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nikapata daraja la kwanza. Mwalimu wangu wa Historia alinisaidia kuomba nafasi Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, nikasome historia ya sanaa, na wamenikubali. Nilivutiwa na picha za majengo yao ya kale. Nikawaza, kama ni kusoma historia, basi nisomee ndani yake. Ada inazidi pauni 30,000 kwa mwaka na kozi ni miaka minne. Ufadhili sijapata. Baba amesema atauza sehemu ya kihamba, shamba letu la ukoo. Baba mdogo anasema huo ni wazimu, nisome uhasibu hapa hapa. Shangazi anasema nafasi haiji mara mbili. Mama hasemi kitu. Naomba uniambie ukweli: kusomea mahali pa kale namna ile kuna faida gani hasa, au nimependa picha tu? Na nifanyeje?*
— Binti wa Soweto

Marahaba mwanangu, na hongera. Daraja la kwanza si mchezo.

Katika barua yako nzima, aliyenikaa moyoni ni mama asiyesema kitu. Mimi ni wa Machame, mnanijua wote mnaonisoma, kwa hiyo hatuna haja ya kuelezana kihamba ni nini. Ni migomba, ni kahawa, ni ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, na ni makaburi. Mnunuzi akishazungusha uzio wake, bibi yako anakuwa amezikwa kwa watu. Nadhani hilo ndilo mama analimeza kila baba anapotaja mnunuzi. Kwa hiyo jibu langu nalitanguliza: kihamba kisiuzwe, hata robo eka. Miaka minne kwa pauni 30,000 ni pauni 120,000, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya milioni mia tatu na hamsini, na hapo hujalala wala hujala. Viza nayo inataka uonyeshe benki fedha za kujikimu miezi tisa zilizokaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua. Baba yako atauza sehemu ya kwanza, na mwaka wa pili atauza nyingine, kwa sababu hatakubali urudi na shahada nusu.

Hayo ya fedha yaishe hapo kwanza, maana swali lako la faida ni zuri zaidi na sijawahi kuulizwa.

Chuo hicho nakijua. Nilikaa pale mwaka mmoja, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nikisoma uzamili wa historia ya sanaa kwa kulipiwa kila kitu. Safari yangu ilianzia soko la Kilombero hapa Arusha, kwenye mitumba. Nilipata koti zito la sufu, nikapatana bei nusu saa, nikaenda nalo nyumbani nikijisifu. Nilipoligeuza kola nikakuta kitambaa cha duka la Edinburgh. Basi nikalirudisha kwao. Treni haifiki mjini St Andrews, unashuka Leuchars unapanda basi, na siku niliyoshuka pale, mwezi wa tisa, upepo wa bahari uliingia kwenye koti lile kama unalifahamu.

Chuo kilianza 1413. Katika nchi zinazosema Kiingereza, ni Oxford na Cambridge tu ndivyo vimekitangulia. Lakini usitegemee geti, uzio na bango la kukukaribisha. Chuo na mji vimechanganyika: mitaa mikuu mitatu inakwenda kukutana upande wa bahari, kwenye magofu ya kanisa kuu. Unatoka darasani unaingia kwa muuza mkate. Wanafunzi wanayo majoho mekundu, na kadiri mwaka wa masomo unavyopanda ndivyo joho linavyoshuka mabegani, hadi mwaka wa nne linaning'inia viwikoni.

Nje ya kanisa la St Salvator's kuna herufi mbili zilizopangwa kwa mawe chini, P na H. Ni Patrick Hamilton. Alichomwa moto hapo Februari 1528, kijana wa miaka ishirini na kitu, kwa kushika mafundisho ya Luther. Wanafunzi hawazikanyagi herufi zile, wanaamini ukizikanyaga utafeli. Na ukizikanyaga kwa bahati mbaya dawa ipo: alfajiri ya Mei mosi uingie baharini, na bahari yenyewe ni ya Kaskazini, si ya Bagamoyo. Siku ya kwanza niliwaona vijana wanazichepuka kama watu wanaokwepa tope nikacheka peke yangu. Mimi, Mlutheri niliyepata kipaimara usharikani kwa babu, nimesafiri kote huko kuja kukuta Wazungu wanaogopa mahali alipofia Mlutheri mwenzangu. Wiki ya pili nami nilikuwa nachepuka.

Sasa faida. Mwalimu mmoja alitupeleka kwenye yale magofu. Lilikuwa kanisa kubwa kuliko yote yaliyowahi kujengwa Scotland, liliwekwa wakfu 1318 mfalme Robert the Bruce akiwepo. Mwaka 1559, baada ya mahubiri ya John Knox, mhubiri wa Kiprotestanti, watu waliingia wakavunja kila sanamu na kila madhabahu, na tangu hapo likaachwa lianguke. Kazi tuliyopewa ilikuwa hii: kaa saa nzima mbele ya ukuta mmoja, andika unachokiona, usiandike unachokijua. Nikaandika "ukuta wa kale, mzuri". Alipita nyuma yangu akachungulia, akaniuliza huo uzuri nimeuona wapi, nimwonyeshe kwa kidole. Sikuwa na pa kuonyesha. Nikaanza upya. Kuna mashimo yaliyopangika, ya kushika mbao. Kuna mstari wa mshazari, paa liliegemea hapo. Kuna sehemu mawe yamebadilika rangi. Saa iliisha nikiwa bado naandika na vidole vimekufa ganzi.

Jioni ile, narudi chumbani, nikaliona jiwe lenye nakshi limepachikwa kwenye ukuta wa bustani ya mtu, nakshi zimelala ubavu. Nilikuwa nimepita hapo kila siku kwa wiki tatu. Kanisa lilipoachwa, watu wa mji walichukua mawe wakajengea nyumba, hilo nilikuwa nimelisoma kitabuni kabla sijapanda ndege. Kulijua kulikuwa hakujanisaidia kitu.

Hiyo ndiyo faida mwanangu, na sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Ukongwe wa majengo hauingii kichwani kwa kulala karibu nayo. Faida ni kwamba unakipita kitu kile kile una njaa, una haraka, mvua inanyesha, hadi siku moja kinakusemesha. Picha kwenye simu inakupa uso tu, na kitu cha sanaa kina mgongo. Wana fimbo ya heshima ya fedha iliyotengenezwa Paris mwaka 1461 na sonara Jean Mayelle kwa ajili ya askofu James Kennedy, aliyekianzisha chuo cha St Salvator ndani ya chuo kikuu hicho. Kwenye kitabu ni kama kijiko. Ukisimama mbele yake unakuta kichwani kuna kijumba kizima, na watu wadogo wadogo, na unaanza kumfikiria fundi aliyeinamia kazi ile, taa yake na macho yake. Somo zima ndilo hilo: nani alitengeneza, nani alilipa, kilikaa wapi, kimefikaje hapa. Kuchora hakumo. Mimi hata ng'ombe sijui kuchora.

Kwa hiyo kama umependa picha tu, hujakosea, wengi tunaanzia hapo. Ulipokosea ni kudhani vitu vya namna hiyo viko Scotland tu.

Umewahi kusikia habari za Sam Ntiro? Kazaliwa Machame 1923. Alisoma sanaa Makerere, akaenda shule ya sanaa ya Slade, London, akarudi kufundisha Makerere, na tulipopata uhuru akawa Balozi wetu Uingereza. Kuna mchoro wake wa mwaka 1956 unaoonyesha wanaume wanapeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku. Mchoro ule uko New York, kwenye Jumba la Sanaa ya Kisasa. Mbege yetu! Nilisoma habari hiyo maktaba ya St Andrews, nikiwa na miaka zaidi ya thelathini, mzaliwa wa Machame, na nilikuwa sijawahi kulisikia jina la mtu huyo shuleni hata mara moja. Niliona aibu, kisha nikaona hasira. Halafu kuna Elimo Njau wa Marangu, naye wa Makerere, aliyechora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, mwaka 1959 akamweka Kristo katikati ya watu weusi na milima ya Wakikuyu. Baadaye, 1965, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kule Nairobi.

Wote wawili walitoka kwenye chuo chenye ukale wake. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi. Masomo ya sanaa yalianza 1937 barazani kwa Margaret Trowell, na shule ya sanaa ya pale hadi leo ina jina lake. Jengo kuu jeupe lenye mnara ni la 1941, liliungua Septemba 2020 na limejengwa upya kwa sura ile ile. Jiulize kwa nini wamerudisha sura ile ile wakati wangeweza kujenga jipya, tayari umeanza kozi. Kampala unafika kwa basi. Na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna sanaa pia, na ukumbi wa Nkrumah ambao watu walikuwa wakiubeba mfukoni kwenye noti ya zamani ya mia tano bila kuutazama.

Ushauri wenyewe ni huu. Kwanza, andikia St Andrews uulize mambo mawili: kama nafasi yako inaweza kuahirishwa mwaka mmoja, na kama kuna ufadhili wa kulipa ada yote, si punguzo. Punguzo la pauni elfu mbili kwenye elfu thelathini ni kama kumpunguzia mtu begi moja kwenye lori. Wakisema upo, omba, na Mungu akusaidie. Wakisema haupo, usilie. Nenda Makerere au Mlimani, soma sanaa, historia, akiolojia, chochote kilicho jirani. Wafadhili wakubwa wa kwenda Uingereza wanatafuta zaidi watu wa uzamili. Jumuiya ya Madola wanao wa uzamili na uzamivu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanalipia uzamili wa mwaka mmoja, wanataka uwe umefanya kazi saa 2,800, ambazo ni kama miaka miwili, halafu urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Mlango huo ndio walioupita wengi wetu tusio na cha kuuza.

Pili, anza Kijerumani sasa hivi, hata kwa simu. Kumbukumbu nyingi za Kilimanjaro za kabla ya Vita ya Kwanza ziko kwa Kijerumani, na nyingine kwa mwandiko wa mkono ambao hata Wajerumani wa leo unawashinda. Mchaga anayeusoma mwandiko ule hatakosa watu wa kumtafuta.

Tatu, hili fanya wiki hii. Panda Kibosho, kaa saa nzima mbele ya kanisa lenu au mbele ya nyumba ya zamani ya babu, na daftari. Andika unachokiona. Neno "zuri" limepigwa marufuku. Ukichoka baada ya dakika kumi, msikilize baba mdogo, uhasibu ni kazi nzuri. Saa ikiisha kabla hujamaliza, niandikie tena.

Na mwambie baba asante. Mwambie mbele ya mama.

*Mama Neema, mimi ni baba wa wasichana watatu, Usa River. Wa kati amesikia habari zako redioni, sasa anataka "historia ya sanaa". Naomba uniambie waziwazi: hiyo ni kazi gani? Nani anamlipa mtu kutazama vitu?*

Mzee wangu, wachache. Sitakuficha. Niliporudi nilikaa miezi minane bila kazi. Ofisi moja mkuu wake aliniambia sanaa ni ngoma, niende Bagamoyo. Nikafundisha tuisheni, nikatafsiri vipeperushi vya watalii, ndipo mwenye duka moja la sanaa hapa mjini akanipa kazi ya kumwandikia orodha ya vitu vyake. Orodha! Nilifurahi kama nimepewa jimbo. Kazi zenyewe ni makumbusho, magalari, uandishi, ualimu, utalii wa kiutamaduni, na kufuatilia vitu vilivyochukuliwa vilifikaje viliko. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiona inakua, kwa sababu Ulaya sasa wanaulizwa maswali na inabidi wajibu.

Nikupe mfano wa karibu, ingawa si wa sanaa na sitaki uchanganywe nayo. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani huko huko tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vya mabaki yaliyohifadhiwa Berlin vililinganishwa na jamaa walio hai, na fuvu moja likaonekana ni la ukoo wa akida aliyekuwa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe bado linatafutwa. Lakini kabla ya maabara lazima mtu asome daftari la zamani, alinganishe namba, ajue kitambulisho fulani kiliandikwa na nani na mwaka gani. Ufundi wa kusoma daftari lile ni huo huo tunaofundishwa kwa ajili ya kinyago au mkuki. Natamani wanaousoma wawe watoto wa huku.

Je, utapata mahari kubwa zaidi? Hapana. Mpe uhuru wa kuchagua, ila asome na kitu cha pili cha kumlisha, lugha au ualimu. Kule Scotland miaka miwili ya kwanza mwanafunzi anachanganya masomo kadhaa kabla ya kubobea, na naona ni busara. Na Jumapili moja mpeleke Boma ya Arusha, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1900, leo ni makumbusho ya elimu viumbe. Mwache atangulie, wewe usiseme kitu. Angalia anasimama wapi.

*Dada, nauza vinyago karibu na mnara wa saa, Arusha. Mtalii amerudisha kinyago anasema si mpingo, na si cha miaka mia tatu kama nilivyomwambia. Hiyo elimu yenu inanisaidiaje hapo?*

Kaka yangu, umeniangusha. Vinyago vya Kimakonde tunavyoviuza mjini, vya shetani na vya ujamaa, ni mtindo wa karne ya ishirini. Miaka mia tatu umeitoa wapi? Mwambie ukweli, kazi ya fundi aliye hai haina ubaya, mwandike na jina lake chini ya kinyago, bei itapanda yenyewe.

Kuhusu mpingo, huhitaji chuo. Lowanisha pamba, sugua chini ya kitako pasipoonekana. Pamba ikitoka nyeusi, huenda umeuziwa mti mweupe uliopakwa kiwi. Kama hujaridhika chukua beseni la maji. Mpingo ni mzito kuliko maji, unazama hata ukiwa mkavu kabisa. Kikielea, mrudishie mtalii fedha yake, kisha kamtafute aliyekuuzia wewe.